MVINYO MWEKUNDU HAUTAKI HARAKA WALA FAHARI

Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni



Mazungumzo yetu ya juma hili yanahusu kitu ambacho baadhi yetu hukiona siku ya harusi tu, na wengine hukiona kila jioni katika hoteli za Geita, Katoro, Kahama na Shinyanga mjini. Kitu chenyewe ni mvinyo mwekundu, hasa ule mzito, wenye rangi ya damu ya mzee, ambao mtu akiunywa mara ya kwanza hukunja uso na kuuliza kama umeharibika.

Wale ambao imani yao au afya yao haiwaruhusu kileo, nawaomba wasizime redio. Ndani ya chupa hiyo mna mkulima wa Dodoma, mna mpishi wa Usukuma, na mna fedha ya dhahabu inavyoingia na inavyotoka. Hayo yanatuhusu sote.

Tuanze na hali ilivyo. Ukanda huu umejaaliwa mali ya ardhini. Mwadui ilianza kutoa almasi tangu mwaka 1940. Mgodi mkubwa wa Geita wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000, Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001, na Buzwagi, pale Kahama, ulianza mwaka 2009 na kumaliza uchimbaji wake mwaka 2021. Pembeni ya hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wenye maduara yao, makarasha yao na mialo yao. Mahali fedha inapopatikana ghafla, chupa nazo hufuata. Na duara likitema, mwenye duara hataki kuonekana anakunywa kile alichokuwa anakunywa jana.

Ndipo chupa ya mvinyo mwekundu inapoingia. Inaletwa mezani, imesafiri kutoka Afrika Kusini, Hispania au Ufaransa. Bei yake ni kubwa, na hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Inafunguliwa, inamiminwa hadi ukingo wa glasi, inatiwa barafu, na kwa kuwa bado ni kali, inaongezwa soda. Pembeni pana sahani ya sato wa kukaanga mwenye pilipili ya kutosha. Mnywaji anameza, anakunja uso, anatabasamu kwa ajili ya wanaomtazama. Amelipa fedha nyingi kununua kitu, kisha akatumia barafu na soda kukificha kitu hicho hicho.

Simcheki mtu huyo. Hakuna aliyemweleza. Muuzaji alijua bei, mhudumu alijua kufungua, basi. Kwa hiyo leo tueleze.

Mvinyo mwekundu hutengenezwa kwa zabibu nyeusi, na siri yake iko katika ganda. Zabibu nyingi, hata zile nyeusi, nyama yake ya ndani ni nyeupe. Mtengenezaji akikamua na kuyaondoa maganda mara moja, maji yake hubaki meupe. Akiyaacha maganda yaloweke na kuchacha pamoja na maji yake kwa siku nyingi, hupata rangi, harufu, na kile kitu kinachokaza ulimi. Wataalamu hukiita tanini. Sisi tunacho kwa jina la ukakasi. Ni ule ukakasi wa ndizi mbichi, au wa chai ya rangi iliyochemshwa hadi ikawa nyeusi. Mvinyo mzito ni ule uliojaa ukakasi huo, wenye kilevi cha asilimia 13 au 14 na zaidi, na ambao sukari yote ya zabibu imekwisha kugeuka kileo. Huo ndio unaoitwa mvinyo mkavu. Neno hilo huwachekesha watu, maana kitu cha majimaji kitakuwaje kikavu? Maana yake ni kwamba hauna utamu.

Sasa turudi kwenye chai. Chai ya rangi iliyokolea mno, mama akitia maziwa, inatokea nini? Ukakasi unatulia. Haukuondoka, umekamatwa na maziwa. Nyama nayo hufanya kazi hiyo hiyo. Ukitafuna kipande chenye mafuta na chumvi kidogo, kisha ukanywa funda dogo la mvinyo mzito, ukakasi unashikana na nyama badala ya kushikana na ulimi wako. Mvinyo unakuwa laini, na kinywa kinasafishwa mafuta, kiko tayari kwa kipande kingine. Kwa maneno mengine, mvinyo huu haukutengenezwa kunywewa peke yake kwa kushindana. Ni mwenzi wa chakula, kama kachumbari ilivyo mwenzi wa pilau. Hakuna anayekula bakuli zima la kachumbari peke yake akasema kachumbari ni mbaya.

Na hapa, ndugu wasikilizaji, ndipo watu wa Shinyanga na Geita mlipobarikiwa bila kujua. Ng'ombe wetu wa asili ni mtembezi. Nyama yake imekaza na haina mafuta mengi, ila mahali pamoja: nundu. Nundu iliyochomwa taratibu juu ya mkaa, ikachuruzika mafuta, ikapakwa chumvi tu, ni chakula ambacho mvinyo mzito unakitafuta dunia nzima. Mbavu nazo zinafaa. Nyama ngumu ya paja ikipikwa kwa moto mdogo kwa saa tatu, na vitunguu vingi, hadi mchuzi ukaze, ikapakuliwa na wali wa mchele wa Kahama, inafaa sana. Maini ya kukaanga yasiyoiva kupita kiasi yanafaa. Hata supu ya makongoro, kwa ule unato wake, inaulainisha mvinyo, ingawa asubuhi si wakati wake.

Mboga pia ina nafasi. Nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yakiungwa kwa karanga zilizosagwa, yana uchungu kidogo na mafuta ya kutosha, na mvinyo mwekundu hauyakimbii. Asiye na fedha ya nyama asidhani kwamba mambo haya si yake.

Lakini kuna vyakula ambavyo mvinyo mzito hugombana navyo, na ni vizuri kuvitaja, maana ndivyo vinavyoongoza mezani kwetu. Cha kwanza ni samaki. Ziwa Victoria linatupa sato, sangara na dagaa, na mtu akinywa mvinyo mwekundu mzito na dagaa hupata kinywani ladha kama ya msumari. Si ndoto. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walionyesha kwamba madini ya chuma yaliyomo katika mvinyo mwekundu huchochea ile harufu mbaya ya samaki kinywani. Sisi watu wa madini tusishangae kuambiwa kuna madini hata ndani ya glasi. Kwa samaki tumia mvinyo mweupe uliopoa, au maji ya limau.

Cha pili ni pilipili. Kileo kikikutana na pilipili, moto huongezeka. Cha tatu ni vitu vitamu. Ukila michembe au matobolwa, kisha ukanywa mvinyo mkavu, utauona mchungu na mchachu, kama vile mtu aliyelamba asali anavyoiona chungwa kuwa kali. Pamoja na viazi vitamu, mvinyo mtamu ndio unaofaa. Kila kitu kina mwenzake.

Neno moja kuhusu joto. Vitabu vya Ulaya husema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba kinachozungumzwa humo ni cha nchi ya baridi, chenye nyuzi 16 au 18. Chumba cha Shinyanga, mchana wa Oktoba, chaweza kupita nyuzi 30. Katika joto hilo mvinyo unanuka spiriti tu. Kwa hiyo uwekeni chupa katika jokofu kwa nusu saa, au katika ndoo ya maji yenye barafu kwa dakika kumi na tano. Barafu iwe nje ya chupa, isiwe ndani ya glasi. Mvinyo mzito sana umiminwe kwenye jagi safi nusu saa kabla ya kula, upate hewa. Glasi ijazwe theluthi tu. Na chupa iliyofunguliwa isikae kaunta wiki nzima. Baada ya siku mbili tatu inaelekea kuwa siki, na mteja anayeuziwa hiyo ana haki ya kuirudisha.

Baada ya hayo, tuulize swali lenye uzito zaidi. Mvinyo huo utoke wapi?

Kutoka Shinyanga, ukishika barabara ya Nzega na Singida, unafika Dodoma. Ukipenda, reli nayo ipo. Njia ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikipita hapa hapa Shinyanga. Zabibu za Dodoma zilianza kupandwa na wamisionari Wakatoliki katika misheni ya Bihawana mwaka 1957, na baadaye utafiti ukafanyika Makutupora. Leo zabibu nyekundu inayolimwa zaidi huko inaitwa kwa jina la mahali hapo, Makutupora. Ipo pia Syrah, ile zabibu maarufu ya Ufaransa inayotoa mvinyo mzito wenye harufu kama ya pilipili manga. Pale Hombolo kilijengwa kiwanda cha Cetawico, na zikaletwa zabibu za kaskazini mwa Italia kama Teroldego, inayotoa mvinyo mweusi kweli kweli.

Dodoma ina jambo ambalo Ulaya haina. Katika nchi za baridi mzabibu hulala usingizi miezi mingi, na mavuno huwa mara moja kwa mwaka. Dodoma mkulima hukata matawi na kuvuna mara mbili, mapema mwaka, na tena mnamo Agosti na Septemba wakati wa kiangazi. Mavuno ya kiangazi ndiyo yenye zabibu tamu na safi zaidi, maana mvua haikuzijaza maji wala kuzioza. Nchi kame, jua kali, usiku wenye ubaridi: mzabibu haudai zaidi.

Pamoja na hayo yote, wakulima wa Dodoma wamelalamika mara nyingi katika miaka ya karibuni kwamba zabibu zinakosa mnunuzi. Zabibu si dhahabu. Haiwekwi kabatini kungoja bei. Ikiiva, ikikosa gari leo, kesho ni ya nyuki. Ndiyo maana wengi huzikamua na kuuza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, kwa bei anayoipanga mnunuzi.

Watu wa ukanda wa dhahabu wanalielewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Mnamo Machi 2017, Serikali ilipozuia kusafirisha mchanga wa dhahabu nje ya nchi, neno makinikia lilitoka Bulyanhulu na Buzwagi likaingia katika kila nyumba. Tulijifunza sote kwamba kitu kikiondoka kabla hakijakamilishwa, thamani yake huhesabiwa na mwingine. Basi mchuzi wa zabibu ni makinikia ya mkulima wa Dodoma. Thamani yake hukamilika katika chupa, na chupa hukamilika mezani kwa mnywaji. Mtu aliyepiga kelele juu ya makinikia, kisha jioni akaagiza chupa ya kutoka nje bila hata kuuliza kama ya Dodoma ipo, ajiulize kidogo.

Sisemi mvinyo wa nje ni mbaya. Afrika Kusini walipanda mzabibu tangu karne ya 17, na mwaka 1925 Profesa Abraham Perold wa Stellenbosch alipandanisha zabibu mbili za Ufaransa akapata Pinotage, ambayo leo ni yao na hakuna anayewanyang'anya. Argentina nao ni mfano mzuri zaidi kwetu. Zabibu inayoitwa Malbec ilitoka Ufaransa ikafika huko katikati ya karne ya 19. Ilipandwa Mendoza, nchi kame kama Dodoma, inayonyweshwa kwa mifereji. Argentina ni nchi ya wafugaji na wachoma nyama. Watu wake wakanywa Malbec na nyama yao ya ng'ombe, miaka nenda miaka rudi, hata dunia nayo ikaamini kwamba vitu hivyo viwili haviachani. Sifa ya Malbec ilijengwa kwanza katika meza za wenyeji, kabla ya mgeni kuitambua. Sisi tunao ng'ombe Shinyanga na tunao mzabibu Dodoma. Kilichokosekana ni kuwakutanisha.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini wahenga hao hao walisema pia mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Kwa hiyo sitawaomba mnywe mvinyo wa Dodoma kwa huruma au kwa uzalendo wa mdomoni. Ipo mivinyo yetu mizuri, na ipo iliyotiwa utamu ili kuficha udhaifu. Zipo chupa ambazo lebo yake haielezi kama ni mkavu au mtamu, wala zabibu gani imetumika. Zipo zilizosimamishwa juani dirishani mwa duka mwaka mzima, na hapo kosa ni la mwenye duka. Serikali hutoza ushuru wa bidhaa ulio mdogo zaidi kwa mvinyo ambao zaidi ya asilimia 75 ya zabibu zake ni za nchini. Hiyo ni nafuu ya kodi, na nafuu hiyo inampa mnywaji haki ya kudai ubora. Ukiupata mzuri, sema. Ukiupata mbaya, rudisha, na sema pia. Mtengenezaji anayesifiwa kila siku hatapiga hatua.

Na wenye hoteli, nanyi mna sehemu yenu. Wekeni chupa ya Dodoma katika orodha ya vinywaji, ilazwe mahali penye kivuli na ubaridi, na muuze hata kwa glasi, ili mtu aonje kabla ya kununua chupa nzima. Mfundisheni mhudumu maneno matatu tu: huu ni mkavu, huu ni mtamu, na huu unakwenda na nyama. Mtakuwa mmefanya kazi kubwa.

Mnunuzi naye akague chupa. Tangu mwaka 2019 mvinyo na pombe kali zinatakiwa kuwa na stempu ya kodi ya kielektroniki. Tazama stempu hiyo, tazama alama ya TBS, tazama kifuniko kama hakijaguswa. Katika miji yenye fedha za haraka, walaghai nao huwa wa haraka.

La mwisho ni kipimo, na hili silisemi kwa wepesi. Tunakumbuka viroba, zile pombe kali za mifuko midogo, zilizopigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Pombe ya asilimia 35 iliuzwa kwa bei ya peremende, ikaingia mifukoni mwa vijana, wengine wakishuka nayo ardhini. Mvinyo si kiroba, lakini si maji. Fanyeni hesabu: chupa moja ya mililita 750 yenye asilimia 14 ina kileo kinachozidi kidogo bia nne kubwa za nusu lita. Ikinywewa na watu wanne wakila nyama, kila mmoja amekunywa kama bia moja. Ikinywewa na mtu mmoja kwa saa moja, huyo asishike usukani, asiwashe karasha, na asishuke duarani. Mama mjamzito asiiguse kabisa. Na hakuna mtu aanze kunywa kwa kuambiwa kwamba mvinyo ni dawa.

Wazee wetu wa Usukuma walipokunywa pombe ya mtama, walikaa. Palikuwa na mazungumzo, palikuwa na chakula, palikuwa na mkubwa wa kuangalia nani amezidisha. Haraka ya fedha ndiyo iliyotuletea haraka ya kunywa. Mvinyo mwekundu mzito, kwa tabia yake, haukubali haraka hiyo. Ukiukimbiza unakuadhibu ulimi. Ukiukalisha mezani, ukaupa nyama na muda na watu wa kuzungumza nao, unatulia na kuonyesha kilichomo.

Basi, ndugu yangu mwenye duara lililotema, na wewe mfanyakazi wa mgodi uliyepokea mshahara, na wewe mwalimu wa Shinyanga unayeandaa kipaimara cha mwanao, jaribu hivi. Nunua kilo mbili za mbavu na nundu. Nunua chupa moja ya mvinyo mwekundu mkavu wa Dodoma kwa watu wanne. Uipoze, uifungue mapema, usitie kitu ndani. Tafuna kwanza, ndipo unywe. Kisha useme kwa kinywa chako, wala si kwa lebo wala kwa bei, kama ni mzuri au si mzuri.

Jibu lolote utakalotoa litamfaa mkulima wa Hombolo kuliko kimya chetu.